Tundu Nyuma ya Ghala la Kindi

Kindi alikuwa hodari wa kujaza ghala. Kila msimu alirundika karanga mpya mbele ya zile za zamani, kisha akala zilizo karibu na mlango. Siku moja alipenya hadi nyuma, akamkuta jirani yake Fuko ametoboa ukuta, anatafuna.

"Mwizi wewe," Kindi alifoka.

"Ni kweli," Fuko alisema. "Lakini hizi za nyuma zimeanza kuota ukungu, jirani. Nisingezila, ukungu ungekwisha kufika mlangoni kwako."

Kindi akazikagua, akauona ukungu. Aliokota udongo azibe tundu, kisha akautupa.

"Basi nisaidie kulipanua. Mpya zitaingilia mbele, za kula tutazitolea huku."

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu, lakini karanga ziliwatosha. Fuko aliendelea kuja, sasa akipiga hodi.