Bibi Aliyefagia Msitu

Jamani, Bibi Atupakisye alifagia msitu! Ekari mbili za mipaini, siku tatu na ufagio mkononi, kisa mkaguzi wa cheti cha utunzaji wa msitu anakuja, na mgeni hapokelewi penye uchafu. Bila cheti, kiwanda cha mbao hakinunui hata gogo lake moja.

Mkaguzi, kijana anaitwa Lwitiko, alifika akakuta ardhi safi kama uwanja wa harusi.

"Bibi, majani yako wapi?"

"Nimechoma yote, mwanangu."

"Lo! Hilo ndilo blanketi la udongo, bibi. Mvua ikija, udongo wote mtoni."

Bibi akaketi kwenye kisiki. "Basi nimefeli."

"Mipaka umeweka, kando ya mto hujakata. Cheti kina hatua tano; hizo mbili ni zako, hakuna wa kukunyang'anya."

"Na kiwanda?"

"Kinamvumilia anayepanda hatua kwa hatua, kitanunua magogo yako. Mwakani nikute majani."

Lwitiko akaondoka. Bibi akainuka, akashika ufagio kwa mazoea. Jani moja jembamba likadondoka kutoka juu, likatua begani kwake. Akalitoa kwa vidole viwili, akainama, akalilaza chini taratibu, kama mtoto aliyesinzia.