Jumla ya Jioni

Fundi alipuliza vumbi la chuma kutoka kwenye gurudumu la mamoja, akarudisha kifuniko cha mashine ya kujumlisha na kukaza skrubu zote nne. Jino moja la gurudumu alikuwa amelichonga. Kuanzia sasa kila jumla itakayopigwa kwenye karatasi ingezidi kwa moja.

"Imepona?" aliuliza Mkuu wa gereza.

"Nzima kabisa, afande."

Mkuu aliipenda mashine ile kuliko askari wake wote. Hesabu za vidole zilishamtoroshea wafungwa wawili, naye akaapa: kengele ya jioni ikilia, geti linafungwa, idadi ya kila chumba inabonyezwa, mpini unavutwa, na hatoki hata paka mpaka karatasi iseme 214. Nani angembishia?

Fundi alikuwa mmoja wa hao 214. Kosa hakulitenda, na rufaa yake ilikuwa imelala mahakamani mwaka wa tatu. Bintiye alizaliwa yeye akiwa ndani. Hajawahi kumbeba hata siku moja. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Jioni ile angejificha kwenye gari la nguo chafu, linalotoka kabla ya kengele. Wangebaki 213, na mashine ingemzibia pengo.

Alikuwa ameshainua shuka la kwanza askari alipoita, "Fundi! Ofisini, haraka!"

Akaliachia shuka, akaenda akidhani wamemgundua. Lakini Mkuu alikuwa anacheka.

"Rufaa umeshinda, bwana! Barua ndiyo hii. Dada yako yuko getini na mwanao, kakuletea na viatu."

Fundi alilia bila kuona haya. Dirishani alimwona mtoto wa gauni la njano akirukaruka nje ya geti, na shangazi yake akimshika mkono. Gari la nguo chafu likawapita, likaenda zake.

Kengele ikalia. Geti likafungwa.

"Dakika tano tu," alisema Mkuu. "Nifunge hesabu, nawe bado umo, kisha uende zako."

Akabonyeza namba, akavuta mpini. Tarakimu ziligonga karatasi. Mkuu aliisoma, akakunja uso, akarudia yote tangu mwanzo. Zikagonga tena.

"Mtu amezidi," alisema taratibu. "Hafungui mtu geti mpaka nimjue ni nani."

Kisha akamsogezea Fundi bisibisi.

"Au ni mashine? Wewe ndiye uliyeitengeneza. Hebu ifungue, tuangalie sote."