Wagonjwa wa Beseni la Pili

Pudensiana alichuja supu ya maharage mara tatu kwa kitambaa cheupe, akaipoza, kisha akadondosha matone manne kwenye beseni la wagonjwa wake. Mgonjwa mkubwa kuliko wote hakufikia urefu wa punje ya mchele.

Walikuwa vitoto vya kambale wenye umri wa siku tatu. Mwenye nao alikuwa Kasimiri, kijana wa kijiji cha Mamba aliyekuja kutoka chuo kikuu mwaka ule wa tisini na sita akiwa na hadubini moja, kaifunga kwenye sanduku la nguo kuukuu. Bwana samaki wa wilaya alimwazima stoo tupu pale Misunkumilo, na Pudensiana akapewa kazi ya kufagia, kubadilisha maji na kufukuza paka. Kabla ya hapo alikuwa amepima watoto uzito kliniki kwa miaka kumi na miwili. Mambo ya afya hakuwa mtu wa kufundishwa.

Mabeseni yalikuwa mawili. Mayai ya beseni la kwanza Kasimiri aliyaacha yalivyo. Ya beseni la pili aliyachoma moja moja kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Pudensiana alielewa papo hapo kwamba hiyo ni chanjo. Aliwasikitikia kidogo wale wa beseni la kwanza, ila hakushangaa, maana hata kliniki chanjo zilikuwa zikiisha kabla ya foleni.

Alhamisi asubuhi wa beseni la pili wakaanza kuvimba. Kasimiri alimwita aje achungulie. Chini ya kioo kitoto kilikuwa na tumbo kama puto, maji yamekijaa hadi yakauzunguka moyo, na moyo wenyewe ulidunda humo ndani kivivu. Matumbo ya namna hiyo Pudensiana aliyajua. Alikuwa ameyaona kwa watoto wa watu, wengine akawasindikiza mpaka makaburini.

Akauliza kulikoni. Kasimiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamweleza kwa kirefu kwamba samaki naye ana mafigo, tena huanza kujengwa angali ndani ya yai, na kuna protini inayosimamia ujenzi huo.

"Hawa wamekosa hiyo protini, mama. Mafigo hayakujengeka, maji hayana pa kutokea. Ndiyo maana wanavimba."

Kukosa protini. Somo hilo Pudensiana alikuwa akilifundisha kila Jumatano, kwa akina mama wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao na kwa wenyeji wa hapa hapa: maharage, karanga, dagaa, na yai likipatikana. Alistaajabu kwamba mtu anaweza kufika chuo kikuu, akautambua ugonjwa vizuri kabisa, halafu asijue uji wa lishe.

"Sasa itakuwaje, baba?"

Kasimiri alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Profesa wangu anakuja na treni ya Jumamosi. Akiwakuta hivi hivi, jioni yake nafunga mizigo, narudi nyumbani."

Akatoka nje, na kupitia dirishani Pudensiana akamwona ameegemea ukuta, kajifunika uso, mabega yanamtikisika.

Kijana wa watu afukuzwe chuo, arudi Mamba kupalilia mpunga, na maharage yamejaa tele sokoni Kashaulili? Hilo Pudensiana hakulikubali. Ndipo alipobandika sufuria.

Ijumaa mchana wagonjwa walikuwa wamevimba zaidi, na maji yameanza kunuka. Alijua kuzisoma dalili. Hawa walichelewa kufikishwa.

Kasimiri alikuwa amekwenda Kashaulili kumtafutia mgeni biskuti, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa alisema ataleta na kreti nzima ya soda. Pudensiana akafunga mlango, akashika kijiko cha chai. Aliwachota waliovimba wote, akawamwaga kwenye tuta la matembele na kuwafanyia ishara ya msalaba. Beseni akalisugua. Kisha akachota nusu ya wale wazima wa beseni la kwanza, wembamba na wepesi, akawahamishia la pili. Kitoto cha kambale hakina sura ya kukumbukwa.

Kasimiri alirudi jua limezama, na hadubini yake bila jua ilikuwa chuma tu. Alilala fofofo usiku ule. Alfajiri akakimbilia stesheni.

Profesa Lyamba aliingia na vumbi la safari mabegani, hata maji hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwenye hadubini. Wa beseni la kwanza aliwatazama, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Wa beseni la pili aliwatazama, akabadilisha kioo, akawatazama tena, akavua miwani.

"Kasimiri, hawa nao ni wazima. Hakuna hata mmoja aliyevimba."

Pale mlangoni Pudensiana alijifunga kanga vizuri. Furaha ilimjaa kifuani, akasubiri kijana ashushe pumzi.

Kasimiri aliinama kwenye hadubini, akawatazama mmoja mmoja. Alipoinuka alimgeukia Pudensiana, siyo profesa.

"Mama," aliuliza taratibu, "wale waliovimba wako wapi? Miaka mitatu nachoma mayai niizuie hiyo protini, na hao ndio wa kwanza kukubali kuvimba."