Kamba ya Kuanikia Nguo

Kikombe kilikuwa kimesogea kiganja kimoja tu kutoka mahali pake, na mzee alikuwa ameshakifanyia kesi.

"Nani kakihamisha?"

"Mimi, Baba. Nilikuwa nafuta meza."

"Futa, lakini rudisha. Kila kitu humu kina pake."

Binti akakirudisha kwa kishindo. Yeye ni fundi cherehani, kaacha vitambaa vya watu mezani, kaja mpaka gatini kumbembeleza mtu mzima aachane na mashua inayovuja, na shukrani yenyewe ndiyo hiyo. Hata salamu hakupewa. Alipokuwa bado yuko kwenye ubao wa kupandia, mzee alishamwambia, mgongo amempa, "Leo umekuja na hasira. Viatu vinasema."

Mashua ilikuwa ya tanga moja, mzee kainunua wakati binti bado anabebwa mgongoni. Enzi hizo walitoka nayo kila Jumapili, yeye na marehemu mama. Mama alipofariki, mzee akahamia humo na virago vyake, akafunga na duka lake la kutengeneza saa. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, alisema, kazi imekufa. Haya. Lakini mashua nayo haikutoka tena. Leo upepo mkali, kesho upepo hakuna. Miaka minne tanga limefungwa tu, ndege wanalinyea.

"Sasa unaing'ang'ania ya nini?" binti akauliza. "Hutoki nayo, maji yanaingia, na mvua zinakuja. Utakufa na kichomi humu ndani."

"Nimeizoea."

Neno hilo lilikuwa limemchosha. Kumshauri mzee huyu ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Nyumbani alishamwandalia chumba, kakipaka rangi, kashona mapazia kwa mkono wake. Akamwekea picha ya chumba kwenye simu, mbele ya uso kabisa. Mzee hakuitupia hata jicho.

"Kizuri," akasema, akaendelea kukuna goti.

Mara ya mwisho alipokwenda kukaa kwao hakumaliza hata siku tatu. Ya kwanza alivunja jagi. Ya pili alikanyaga kigari cha mjukuu, akaenda chini nacho. Ya tatu asubuhi akadai arudishwe, tena mbele ya mkwewe: nyumba yenu haina mpangilio. Hilo binti alikuwa hajalisahau.

Na mwenye mpangilio ndiye huyo! Mwaka jana alijitia kuipaka mashua rangi mwenyewe, hataki kusaidiwa. Ubavu mmoja ukatoka bluu mpaka katikati, kisha kijani mpaka mwisho. Alipoulizwa akajibu kwamba rangi ni rangi. Ubahili tu, binti aliwaza, kamalizia makopo ya zamani. Halafu ile kamba. Aliifunga kwenye nguzo ya bomba la maji kule gatini, ikapita juu ya ubao wa kupandia, ikaingia mpaka mlangoni, imejaa mafundo. Ya kuanikia nguo, alisema. Binti hakuwahi kuona hata soksi juu yake.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia.

"Baba, nimechoka. Kama mashua ni bora kuliko wajukuu zako, niambie, nisije tena."

Mzee akapitisha mkono kwenye mbao za ukutani, taratibu, toka kitandani mpaka mlangoni.

"Basi iuze," akasema. "Sitaki kuwa mzigo kwako kwa sababu ya mbao. Lakini usiguse kitu chochote mpaka siku nitakayoondoka. Nikishaondoka, hata uichome moto."

"Sawa, Baba."

Mnunuzi akapatikana, dereva wa lori mwenye ndevu mpaka kifuani. Siku ya kuja kuitazama, binti aliwahi kufika. Mzee alikuwa kwa mlinzi, kwenye kibanda kilichopakana na bomba, wanasikiliza redio. Binti akaingia mashuani, akatazama ile hali, akaona aibu. Nani atatoa pesa yake kwa fujo kama hii? Ahadi alikuwa anaikumbuka, lakini ahadi haiuzi mashua. Akapanga vikombe kabatini, akasogeza kiti, akapiga deki. Mwisho akaifungua ile kamba ncha zote mbili, akaikunja, akaitia kwenye ndoo chini ya kitanda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mashua ilipendeza.

Mnunuzi alipofika alivua viatu, asichafue deki. Akagonga mbao, akavuta mlingoti, akazicheka zile rangi mbili mpaka akashika kiuno. Ila aliridhika.

"Mwenyewe yuko wapi? Nataka tupeane mkono."

Binti akaegemea mlango, amefurahi, akaita kwa sauti. Hatimaye.

Mzee alitoka kibandani kama kawaida yake, kichwa juu, hana haraka. Alipoifikia nguzo ya bomba akainua mkono wa kulia, ukashika hewa. Akaupeleka huku, akaupeleka kule. Kisha akapiga hatua hivyo hivyo, na mguu ukapita pembeni ya ubao, juu ya maji.

Aliyekuwa karibu ni mnunuzi, alikuwa ameshasogea mpaka kwenye ubao kumpokea. Aliruka pekupeku, akamdaka begani, akamvuta nyuma bila kusema neno.

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akamgeuzia uso yule mwenye ndevu, macho yakiwa wazi kabisa.

"Binti yangu," akamwambia, "si nilikuomba usiguse kitu?"