Madaftari Arobaini ya Utani

Korongo alikuwa karani mwenye mwandiko mzuri, asiyependa kesi. Mnyama akija kushtaki kwamba ametukanwa kwa sababu ya ngozi yake, Korongo humuuliza, "Una uhakika hakuwa anakutania?" kisha huandika kwenye daftari la utani. Pundamilia aliambiwa arudi kwao akafuliwe mpaka mistari imtoke: utani. Nungunungu alifukuzwa kisimani kwa ajili ya miiba yake: utani mkubwa.

Mwisho wa mwaka, mbele ya wanyama wote, Korongo akamsomea Chifu Tembo taarifa. "Matusi ya ngozi, hakuna hata moja. Utani, madaftari arobaini."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Kumbe nchi yangu ina raha hivi. Haya, na mimi nitanieni."

Nungunungu akasogea. "Shikamoo, Chifu. Wenye ngozi ya makunyanzi kama yako wasinywe maji na sisi. Warudi kwao wakapigwe pasi."

Wanyama wakavunjika mbavu. Tembo peke yake hakucheka. "Korongo, hilo ni tusi. Liandike."

Korongo akafungua daftari la matusi, jipya kabisa, akachovya kalamu, na kwa mazoea akauliza, "Una uhakika, Chifu, hakuwa anakutania?"