Kilomita Mia Mbili Kwenda Kwenye Kiapo

Hadithi hii ni kweli tupu. Haikutiwa chumvi hata ya kuonja, na aliyeiandika yuko radhi kufanyishwa kazi yoyote ya mikono ikipatikana humu punje moja ya uongo.

Alfajiri ya siku ya kuapishwa kwa rais mpya, Fundi Saa aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto. Alikuwa mstaafu wa kutengeneza saa, na leseni yake ya udereva ilikuwa na umri wa siku nane. Pembeni yake alikaa mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, mapajani ana mfuko wa mayai ya kuchemsha, miguuni kavaa raba.

"Raba, kwenye kuapishwa kwa rais?"

"Safari ndefu, mume wangu. Miguu nayo ina haki zake."

Gari lao lilikuwa limekataa kuwaka, wakachukua la kazini kwa Mwalimu. Muda wa kuomboleza haukuwepo. Mageti ya uwanja yangefungwa saa tatu na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi, wa kunyanyua mkono na kuapa alikuwa mwanamke. Mwalimu mwenyewe alichekwa na mtaa mzima alipoanza kazi yake, miaka thelathini nyuma, akaambiwa hiyo ni kazi ya wanaume. Kiapo hiki hakutaka kuhadithiwa. Alitaka akione kwa macho yake.

Fundi Saa naye alikuwa na lake. Shemeji yake, kaka wa Mwalimu, alikuwa amemsuta mbele ya watu.

"Udereva wako na urais wa yule mama vina umri mmoja. Humfikishi dada yangu bila yeye kukusaidia."

Wakawekeana sharti. Fundi akifika kwa wakati bila msaada, shemeji ataliosha gari la Fundi kila Jumamosi kwa muhula mzima wa rais mpya. Akisaidiwa hata mara moja, Fundi ndiye atakayeosha la shemeji.

Basi wakaondoka. Na kumbe mzee yule alizaliwa dereva, akapotelea tu kwenye saa za watu.

Kabla hawajaimaliza lami ya mtaani, Mwalimu alikuwa amefumba macho, mikono kaikunja kifuani. Hakusema kulia, hakusema kushoto.

Darajani, ng'ombe kumi na wawili waliamua kuvuka bila kushauriana na mtu. Fundi akiwa bado anatafuta tusi la kuwatosha wote, gari lilikuwa limeshasimama, taratibu, kama kikombe kinachowekwa juu ya kisahani. Hata mayai hayakugongana. Mlimani, lori lilikwama ghafla mbele yao. Fundi akasimama nyuma yake, na gari halikurudi nyuma hata unene wa ukucha. Mwalimu alinyoosha miguu tu, akaendelea kukoroma.

Na heshima aliyopewa huko barabarani! Mabasi yalimpisha. Malori yalimkalia mbali. Dereva mmoja wa teksi alipunguza mwendo ubavuni mwake, akamwonyesha dole gumba: "Pole pole, mzee wangu, unaweza." Kwenye mzunguko wa kuingilia jijini, askari wa barabarani aliyazuia magari ya pande zote ili Fundi apite, kisha akainama kwenye dirisha la Mwalimu.

"Anaendeleaje, mama?"

Mwalimu alijibu bila kufumbua macho. "Ataweza tu. Ni kumpa muda."

"Tunamwombea."

Fundi Saa alifarijika kuona hata polisi wanamjali rais mpya kiasi kile.

Saa tatu na dakika ishirini walikuwa ndani ya uwanja. Rais aliponyanyua mkono, watu wote walinyamaza hata ukasikia bendera ikipigwa na upepo. Mwalimu alilia, asijifute. Fundi alimshika bega, akajiona naye amekabidhiwa kitu siku hiyo.

Kesho yake, sebuleni kwa shemeji, aliyasimulia yote kama yalivyo humu: ng'ombe, lori, askari, usingizi wa mkewe. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati, kinyonge, na kuulizia kitambaa cha kuoshea gari.

"Dada," alisema, "kweli ulilala njia nzima?"

Mwalimu alipuliza chai yake.

"Macho yalilala, kaka. Miguu ilikuwa kazini."

Shemeji akatoka nje bila kuaga, hadi lilipoegeshwa gari lile la kazini. Akafungua mlango wa upande wa abiria, akainama. Chini pale, anapoweka miguu abiria, kulikuwa na klachi na breki, zimesuguliwa na raba mpaka zinang'aa. Akainua macho juu ya paa, kwenye bango la njano ambalo hakuna aliyekumbuka kulifungua: CHUO CHA UDEREVA. MWANAFUNZI YUKO MAFUNZONI.

Inabidi hadithi iishie hapa. Leo ni Jumamosi, ndoo imejaa, na shemeji hapendi povu likaukie kwenye taa.

Muhula ni miaka mitano. Katiba inaruhusu mihula miwili.