Muunganisho Uliorudi

Miunganisho tisini ilikuwa imechukuliwa, na hakuna aliyekuwa akiitumia.

Plasta alisogeza kiti karibu na skrini. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kila kilichopasuka katika mifumo ya idara kililetwa kwake akizibe. Safari hii jeraha lilikuwa halionekani. Seva ilikuwa na miunganisho mia moja ya kuingilia kwenye hifadhidata, mfano wa funguo za vyumba zilizopangwa kaunta. Kila ombi huchukua mmoja, hufanya kazi yake, kisha huurudisha. Sasa kuna aliyekuwa akichukua funguo na kutokomea nazo, na zikiisha zote mfumo mzima uliganda.

Nao haukuwa mfumo wa kuuzia viatu. Ulisajili maiti wasiotambuliwa katika mochari zote za jiji, tangu ghorofa lililokuwa likijengwa liporomoke. Makarani waliingiza alama za miili. Ndugu walitafuta kwa simu wakiwa nyumbani, ili wasizunguke wakifunua shuka moja baada ya jingine.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa karani wa mochari kuu.

"Plasta, kaka, mmelala huko? Nina watu hapa tangu asubuhi sijawaingiza. Kila nikianza, mfumo unaganda."

"Nipe muda kidogo."

"Wao wenyewe hawana haraka. Wanaowangoja nje ndio watakaoniua."

Hajakaa sawa, simu yake ya mkononi nayo ikaita.

"Imesema 'Hakuna' tena, baba," alisema mama yake.

"Basi shukuru, Mama. Humo hatutaki kumwona. 'Hakuna' maana yake yuko mahali anapumua."

"Amezima simu tu. Unajua anavyonuna, huyo mdogo wako."

"Namjua, Mama. Kula kitu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa vigae katika ghorofa lile. Asubuhi ile aliondoka nyumbani amekasirika, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba alifika kazini. Mama alishikilia hapo. Kwa kuwa mikono yake ilitetemeka akiandika, Plasta alimtengenezea ukurasa uliorudia utafutaji wenyewe kila dakika: mwanamume, kijana, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakina ncha. Ncha hiyo ilibaki kwenye mlango ambao Plasta aliubamiza walipokuwa watoto.

Alirudi kwenye msimbo wa programu. Aliusoma taratibu, mstari kwa mstari, hadi mmoja ulipomsimamisha.

Mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyependa maelezo marefu, alikuja na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Umempata mwizi?"

"Nimempata. Ona hapa, Mkuu. Ombi likipata mtu, muunganisho unarudishwa. Lisipopata, linatorokea dirishani na ufunguo mfukoni. Aliyeandika hii alidhani kila anayetafuta hupata."

"Lakini ndugu karibu wote wameshawapata watu wao. Nani bado anatafuta kiasi hiki?"

Plasta alifungua kumbukumbu za seva, zilizoorodhesha kila ombi lililoingia. Ombi lilikuwa lile lile, kila dakika, kutoka simu moja. Akaangalia alama zilizoandikwa. Mwanamume. Kijana. Kidole.

Akaisoma namba ya simu mara ya pili.

"Ni mama yangu," alisema.

Mkuu aliweka kikombe chini polepole. "Pole, mwanangu. Lakini makarani wamekwama. Mzime kwanza."

"Siwezi, Mkuu. Ukurasa ule ukinyamaza atajua kuna jambo. Niache nirekebishe. Ni mistari miwili tu."

"Na wale wa mochari?"

"Nawapa pumzi sasa hivi."

Aliizima seva na kuiwasha upya. Miunganisho yote iliyopotea ikarudi mahali pake. Akampigia karani.

"Ingiza wote uliokuwa nao, fasta, kabla hapajajaa tena."

"Na Mungu akupe maisha marefu," karani alisema, na tayari alisikika akigonga vitufe.

Plasta aliandika mstari wa kwanza. Kwenye kona ya skrini, mchoro wa miunganisho ulianza tena kupanda ngazi yake. Mmoja haukurudi. Dakika ikapita, wa pili haukurudi. Wa tatu. Alijikuta kwa mara ya kwanza akiipenda ile ngazi; kila kidato kilikuwa 'Hakuna' nyingine. Aliandika mstari wa pili, akaujaribu kwenye kompyuta yake, akausoma tena. Hakutaka kukosea.

"Imetulia!" Mkuu alisema nyuma yake.

Plasta aliinua macho. Ngazi ilikuwa imekoma. Mstari wa mchoro ulinyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Angalieni, jamani, imetulia!" Mkuu alipiga makofi, na watu wa meza za jirani wakainua vichwa, wakapiga nao. "Huyu mtoto mikono yake ina dawa. Nilisema, sikusema?"

Kwenye kumbukumbu za seva, ombi la simu ya mama liliingia, likachukua muunganisho, likaurudisha. Dakika ikapita. Likaingia tena, likachukua, likaurudisha.

"Plasta, mbona hucheki? Umeweza!"

Hakugeuka. Chini ya mistari yake miwili, kitufe cha kutuma marekebisho kwenye seva kilikuwa bado kinangoja kubonyezwa.